Mlango Ulio Wazi Usiku: Barua Zenu Kuhusu Wasio na Makao na Idara ya Dharura

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Malindi mwezi huu zinamhusu mtu wa aina moja: mtu asiye na mahali pa kulala, anayefikishwa hospitalini usiku kwa tuktuk, akatibiwa, akaruhusiwa kabla ya jua kuchomoza, kisha akarudishwa baada ya siku chache akiwa katika hali ileile au mbaya zaidi. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kubadilisha maana, na majina yote nimeyaondoa. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha katika idara za dharura za hospitali za pwani. Kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona pamoja na yale yanayosemwa na sheria na utafiti.

Assalaam aleikum sista. Hapa mtaani kwetu kuna mzee anayelala kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa. Zamani alikuwa baharia, na hatumjui jamaa yake hata mmoja. Ana kidonda mguuni kisichopona. Maumivu yakimzidi usiku, vijana humpakia kwenye tuktuk wakampeleka hospitali, hufungwa bandeji, hupewa dawa, naye hurudi palepale barazani. Majirani wameanza kusema kwamba mzee amezoea hospitali, anafuata kitanda na chai. Je, ni kweli kwamba anaitumia idara ya dharura vibaya? Na sisi tufanye nini? – Msomaji, Shela, Malindi

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na hayo ya majirani, kwa sababu nimeyasikia pia kwa wauguzi wenzangu, na sikubaliani nayo. Anayetafuta raha hachagui mahali ambapo atakaa saa nyingi kwenye benchi gumu, chini ya taa zisizozimwa, akingoja waliozidiwa kuliko yeye wahudumiwe kwanza. Mzee huyo anakwenda usiku kwa sababu mchana alivumilia. Asiye na nyumba huamka akiwa na mambo yanayomdai kabla ya maradhi: chakula cha siku hiyo, maji ya kunywa, na mahali pa kuweka kibegi chake kisiibiwe. Zahanati nyingi hufungwa jioni, na akienda asubuhi hukosa kibarua au sahani aliyozoea kupewa na watu wema. Usiku ukiingia, kidonda kikaanza kupwita na homa ikapanda, mlango uliobaki wazi ni mmoja tu, nao ni wa idara ya dharura. Tatizo la mzee ni kufika akiwa amechelewa, wala haliko katika wingi wa safari zake.

Sasa tazama anachoambiwa anaporuhusiwa. Kwa kawaida ataambiwa asafishe kidonda kwa maji yaliyochemshwa, asikikanyagie, ainue mguu anapolala, ale kabla ya kumeza vidonge, azitunze dawa pasipo na joto wala unyevu, na arudi kila baada ya siku mbili kubadilishiwa bandeji. Maagizo hayo ni sahihi kabisa, na karibu kila moja linamtaka mgonjwa awe na nyumba: linataka jiko, kitanda, mto, kabati na mtu wa kumkumbusha. Mzee wenu anatoka hospitalini na karatasi iliyoandikwa kana kwamba anarudi kwa mke na watoto. Mvua za masika hulowesha bandeji kabla ya alfajiri, vidonge hugeuka ungaunga mfukoni au huibwa pamoja na kibegi, na kabla ya juma kwisha kidonda kiko kilipokuwa. Watabibu hufanya kazi ileile upya, mzee huumia upya, na majirani hupata sababu mpya ya kusema amezoea. Hali hiyo haitaondolewa kwa kumkemea.

Naomba jambo moja lifanywe kabla ya mengine yote: apimwe sukari. Mtu mzima mwenye kidonda cha mguu kisichopona hana budi kupimwa, kwa sababu kisukari huua hisia za nyayo, na mtu hutembea juu ya msumari au kipande cha chupa bila kujua. Ugonjwa huo ukichelewa kugunduliwa, mwisho wake unaweza kuwa kukatwa mguu, na sijui maisha magumu kuliko ya mtu wa mguu mmoja anayelala nje. Muangalieni funza pia. Katika kaunti yetu ya Kilifi funza si jambo geni, hasa kwa wanaolala na kutembea mchangani bila viatu, na matundu yake yanaweza kupitisha viini vya pepopunda. Kwa hiyo muulizeni tabibu kama mzee amechanjwa. Akionekana kuwa ni wa kudungwa insulini, jueni kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa hudumu takriban wiki nne nje ya friji ikiwa joto halizidi nyuzi 25 hadi 30, na joto la Malindi hupita hapo mara nyingi. Itunzwe kwa jirani mmoja, ndani ya chombo kikavu kilichowekwa katika mtungi wa udongo unaolowanishwa kwa nje.

Kuhusu la kufanya: hata kama hakuna kati yenu anayeweza kumpa chumba, mtaa mzima unaweza kumgawia zile sehemu za nyumba anazozikosa. Nyumba moja imtunzie karatasi za hospitali na dawa, nyingine imchemshie maji, na kijana mmoja ampeleke kituo cha afya mchana, siku za kubadilisha bandeji, asingoje mpaka usiku wa manane. Kisha mjulisheni mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Mwaka 2023 serikali ilizindua kundi la wahamasishaji 100,000 nchini kote, na kazi yao imepangwa kwa kaya, yaani wanazunguka nyumba kwa nyumba. Ni utaratibu mzuri, ila una tundu kubwa, kwani asiye na nyumba hayumo katika orodha ya nyumba za kutembelewa. Mwambieni aihesabu baraza ile kuwa ni kaya, ampitie mzee kama anavyowapitia ninyi.

Sista, mimi ni tabibu katika hospitali ya serikali. Usiku tunakuwa wachache sana. Watu walewale wa mitaani wanaletwa tena na tena, wengi wamelewa au wametumia unga (heroini), wengine wanatutukana, na wanachukua vitanda ambavyo akina mama na watoto wanavihitaji. Je, hakuna njia ya kuwapunguza? – Tabibu, Malindi

Tabibu mwanangu, uchovu wako naujua, na swali lako ni halali. Ipo njia ya kuwapunguza, lakini haiko mlangoni, na nitaieleza kwa urefu kidogo.

Kwanza, je, ni kweli kwamba wanakuja wengi hivyo? Nchini Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana, takwimu za serikali za mwaka 2015 hadi 2018 zilionyesha kwamba kila watu 100 wasio na makao walifika idara ya dharura mara 203 kwa mwaka, ilhali kwa kila watu 100 wenye makao ilikuwa mara 42. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Lakini utafiti mwingine, uliofanywa San Francisco miongoni mwa watu 2,578 wasio na makao au wenye makao duni na kuchapishwa mwaka 2002, ulifichua jambo ambalo kila idara ya dharura ingefaa ilijue. Asilimia 40.4 tu ya watu hao ndio waliokuwa wamefika idara ya dharura katika mwaka uliotangulia, maana yake wengi wao hawakufika hata mara moja. Na asilimia 7.9 peke yao, wale waliofika zaidi ya mara tatu, ndio waliobeba asilimia 54.5 ya ziara zote. Walipochunguzwa zaidi, ilibainika kwamba kinachoambatana na kurudi mara kwa mara ni kuyumbayumba kwa makao, kushambuliwa, kukamatwa, maradhi ya mwili na ya akili, na matumizi ya dawa za kulevya.

Marekani si Kenya, wala San Francisco si Malindi. Hata hivyo, ukifikiri vizuri, utaona kwamba sura unazozikumbuka baada ya zamu ni zilezile chache, na hao wachache ndio wagonjwa zaidi kuliko wote. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, wakiwemo 15,337 wa Nairobi na 7,529 wa Mombasa. Wanaokuchosha wewe katika mji wa kadiri ya Malindi unaweza kuwaandika kwa majina katika ukurasa mmoja wa daftari.

Pili, nakuomba sana uwe mwangalifu na hukumu ya “amelewa”. Hakuna mgonjwa aliye katika hatari kubwa zaidi usiku kuliko yule ambaye watu wamekwisha kuamua ana nini kabla hajaguswa. Sukari ikishuka mno, mtu huyumba, hutokwa jasho, huropoka na kutukana. Aliyetoka kupatwa na kifafa huwa amechanganyikiwa kwa muda na anaweza kumpiga anayemshika. Malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo huanza kwa maneno yasiyo na mpango. Aliyepigwa kichwani kwa rungu au aliyeanguka anaweza kuvuja damu polepole ndani ya fuvu kwa siku nyingi, huku akionekana mzembe mwenye usingizi. Harufu ya pombe ya mnazi haimkingi mtu na lolote kati ya hayo; bali mlevi ndiye huanguka zaidi, ndiye hupigwa zaidi, na ndiye asiyekula. Na ikiwa kweli amekunywa, yawezekana amekunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, inayopofusha macho na kuua, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi.

Tone la damu kidoleni litakujulisha sukari kwa muda mfupi kuliko ule unaotumika kubishana naye. Pima joto, mapigo, kasi ya kupumua na oksijeni, tazama mboni za macho, papasa kichwa chote ukitafuta uvimbe, kisha urudie baada ya saa moja, maana mlevi wa kweli huendelea kupata nafuu kadiri saa zinavyopita, na asiyepata nafuu ana jambo jingine. Mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano na pumzi zikawa za kuhesabika, hiyo ni heroini au dawa ya jamii yake: msaidie kupumua na mpe naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, nawe usimwache peke yake anapoamka, kwa sababu nguvu ya naloksoni inaweza kwisha kabla ya ile ya unga.

Tatu, hiyo njia ya kuwapunguza. Chukua ule ukurasa wa daftari, wale wachache wanaorudi, na mkutane mara moja kwa juma: wewe, muuguzi wa afya ya akili, afisa wa ustawi wa jamii, na mtu kutoka kliniki ya methadoni (dawa wanayopewa walioacha heroini), ambayo Malindi imekuwa nayo tangu mwaka 2015. Kwa kila jina jiulizeni kinachomrudisha. Mmoja mtakuta ana kifafa na dawa zake huibwa pamoja na kibegi. Akiikosa fenobabito ghafla huanguka, na mkimpangia kuinywa kila siku dirishani kwenu hataletwa tena akiwa hajitambui. Mwingine ana jipu la mahali alipojidunga ambalo lingepasuliwa mchana bila haraka. Mwingine anakohoa, na bado hajapimwa kifua kikuu, ambacho tiba yake hapa nchini hutolewa bure.

Katika hospitali moja kubwa ya London, University College Hospital, timu ya namna hiyo ilianza mwaka 2009, ikiwapitia vitandani wagonjwa wasio na makao na kuwapangia watakakokwenda. Mpango wa namna hiyo ulipopimwa katika hospitali nyingine za Uingereza kwa kulinganishwa na huduma ya kawaida, siku za kulazwa hazikupungua, lakini waliorudi kulala nje baada ya kuruhusiwa walikuwa asilimia 3.8, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 14.6. Nakutajia pande zote mbili ili usije ukamwahidi msimamizi wako kwamba gharama zitashuka mwezi huohuo. Uingereza yenyewe imekwenda mbali zaidi: tangu Oktoba 2018 idara za dharura za nchi hiyo zinawajibika kisheria kumjulisha mwenye dhamana ya makazi katika halmashauri, mgonjwa akiridhia, kwamba mtu huyu hana pa kulala au yu karibu kukosa. Hapa kwetu hakuna sheria kama hiyo, lakini hakuna inayokuzuia kuuliza swali moja unapoandika jina la mgonjwa: “Usiku wa leo utalala wapi?” Ukiuliza mapema, afisa wa ustawi wa jamii atakuwa bado ofisini; ukiuliza saa tisa za usiku unapomruhusu, jibu halitamsaidia yeyote.

Nilimpeleka hospitali binafsi kijana wa mitaani aliyegongwa na bodaboda. Mlangoni tukaulizwa kitambulisho, namba ya SHA (bima ya afya ya serikali) na malipo ya kutangulia. Hakuwa na chochote, na sisi hatukuwa na pesa. Tukaondoka naye akivuja damu. Je, walikuwa na haki? – Dereva wa tuktuk

Hawakuwa nayo. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, nayo haikuitofautisha hospitali ya serikali na ya binafsi, wala mwenye kitambulisho na asiye nacho. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinafafanua kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia uhamisho iwapo kituo hakina uwezo. Na kituo chenye uwezo kikikataa, kimetenda kosa ambalo faini yake yaweza kufika shilingi milioni tatu. Siku nyingine, kaka, usiondoke haraka. Sema kwa upole lakini kwa sauti ya kusikika kwamba huyu ni mgonjwa wa dharura, taja Ibara ya 43, omba jina la msimamizi wa zamu, na andika saa mliyofika. Nimeona maneno hayo machache yakifungua mlango.

Lazima uelewe pia mpaka wa haki hiyo. Dharura ikishatulizwa, gharama za kulazwa huanza kuhesabiwa, na hapo ndipo wasio na makao wengi hutoroka wakiwa na mpira wa dawa mkononi, kwa kuogopa kuzuiliwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Mgonjwa wenu katika hospitali ya serikali aombe kuonana na afisa wa ustawi wa jamii ili apimwe kama anastahili kusamehewa ada. Na akipata nafuu, asaidiwe kujiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kwa sababu sheria yake ya mwaka 2023 iliweka mfuko wa kulipia huduma za msingi, mfuko wa dharura na magonjwa sugu, na wajibu wa serikali kuwalipia mafukara. Kikwazo ni kitambulisho, maana usajili wa mtu mzima huanzia hapo, na anayelala nje hupoteza kitambulisho kama anavyopoteza viatu. Kumfuatilia mtu mmoja barua ya chifu na kitambulisho kipya ni kazi ya kuchosha, yenye foleni na kurudishwa kesho, nami naihesabu kuwa ni matibabu kamili kama kidonge chochote.

Mama, mimi nalala karibu na soko. Nilikuwa natumia unga, sasa nipo kwenye methadoni. Nikikosa dozi napata arosto mbaya (mateso ya mwili unaodai dawa), nakimbilia hospitali usiku na wananifukuza. Wananiona teja tu. Nifanye nini? – Kijana, Malindi

Mwanangu, umefanya jambo gumu kuliko wengi wanaokutazama vibaya, na nafurahi umeniandikia. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na ukikosa siku kadhaa mfululizo huwezi kurudishiwa kipimo kilekile bila kuchunguzwa upya, kwa kuwa uzoefu wa mwili umekwisha kupungua na kipimo cha zamani chaweza kukuzuia kupumua. Kwa hiyo usinunue ya mtu mwingine, na usirudi kwenye unga kwa kiasi ulichokizoea zamani. Wengi waliofariki walifariki hivyo, baada ya kupumzika kidogo. Ukikosa siku moja, nenda kliniki asubuhi inayofuata na useme ukweli, hata kama umetumia kitu. Arosto ya usiku mmoja inatesa, lakini kwa kawaida haiui; ila ukitapika au kuhara mno hadi huwezi kushika maji, hapo una haki ya idara ya dharura kama mtu yeyote, nawe useme hivyo: “Nimeishiwa maji mwilini.” Ingia na kadi yako ya kliniki.

Wafundishe na wenzako wa maskani jambo moja. Mwenzenu akizimika, midomo ikawa ya buluu, akakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, msimmwagie maji wala msimpe maziwa. Muiteni kwa nguvu, mumsugue kifua kwa kifundo cha vidole. Asipoitikia, mtu mmoja atafute tuktuk au apige 999 au 112, na mwingine ampulizie pumzi mdomoni ikiwa hapumui. Akiwa anapumua, mlazeni ubavu, asipaliwe na matapishi. Msikimbie mkamwacha. Najua mnaogopa askari, lakini katika hali hii dakika chache tu ndizo zinazoamua kama atapona.

Kamati yetu ya msikiti, pamoja na majirani zetu wa kanisa, tumechanga fedha kidogo kwa ajili ya wasio na makao. Wengine wanataka tununue magodoro na vyakula, wengine wanasema tuipe hospitali. Wapo pia wanaoonya kwamba tukiwafanyia wema mwingi watajaa. Unashauri nini? – Wanakamati, Malindi

Nianze na onyo la mwisho, kwa sababu limewahi kupimwa. Mjini Toronto, Kanada, watafiti waliwachukua watu wazima 133 wasio na makao waliofika idara ya dharura, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilipata huduma ileile pamoja na mtu wa kujitolea wa kukaa nao, kuwasikiliza na kuwahudumia kwa ukarimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: waliofanyiwa ukarimu walirudi mara chache zaidi, pungufu ya takriban theluthi moja, kuliko wenzao. Inaelekea kwamba mgonjwa aliyesikilizwa hutoka akiwa ameridhika kwamba shida yake imeeleweka, na anayefukuzwa hutoka na shida yake nzima na kuitafutia mlango tena. Kwa hiyo msiogope. Vijana wenu wawili wenye subira, wanaokubaliwa na hospitali kukaa kwenye foleni ya usiku siku za Ijumaa na Jumamosi, watafanya kazi ambayo hakuna dawa inayoifanya.

Kuhusu fedha, vyakula na magodoro ni sadaka njema, nanyi mnajua kuzitoa bila kufundishwa na mimi. Ila ninachokikosa katika mji wetu ni mahali pa mgonjwa aliyepata nafuu ya kutosha kuondoka hospitalini lakini hajapona vya kutosha kulala nje. Mtu aliyefungwa plasta ya mfupa, mwenye mshono wa tumbo, anayemaliza dawa za nimonia, aliyejifungua juzi na hana kwao: hawa hospitali haiwezi kuwaweka, na mtaa unawarudisha hospitalini ndani ya siku chache. Mjini Boston, Marekani, mpango wa afya wa wasio na makao ulioanzishwa mwaka 1985 una nyumba ya namna hiyo yenye vitanda zaidi ya 100. Sisi hatuhitaji hata kumi. Miji yetu ya pwani ina nyumba za wakfu, na makanisa yana vyumba vilivyojaa viti vilivyovunjika. Mkipata chumba kimoja chenye choo karibu na maji, mmekwisha kuanza.

Chukueni mgonjwa mmoja kwanza, au wawili wa jinsia moja, kwa muda unaojulikana, mathalani mpaka nyuzi zitolewe. Msichukue mwenye kikohozi kabla hajapimwa kifua kikuu. Awepo mtu anayelala mlango wa pili na anayejua dereva gani wa tuktuk huitika usiku. Dawa zifungiwe, na atakayezitoa aandike saa. Kabla ya yote, mwendeeni msimamizi wa hospitali mkubaliane kwamba muuguzi atawapigia simu kabla ya kumruhusu mgonjwa asiye na makao, wala si baada, na kwamba tarehe ya kurudi kliniki mtapewa ninyi pia. Jambo hilo la simu ndilo litakalowashinda mwanzoni, kwa sababu zamu hubadilika na ahadi husahaulika. Bandikeni namba yenu ukutani, karibu na meza ya muuguzi, na mpite kila baada ya siku chache kuwasalimu walioingia zamu mpya. Mkishaonana na msimamizi niandikieni tena, nami nitawatumia orodha ya vifaa vya kubadilishia bandeji, ambavyo vyote vinapatikana katika maduka ya dawa hapa mjini.